Wageni Waliotuuliza Kama Tumeshiba

Mimi hukasirika upesi nikimwona mtu anamuuliza mtoto swali huku macho yake yako kwa mama mtu. Juzi wamepita vijana wa utafiti mtaani kwetu, wana vile visimu vikubwa vya kubonyeza, wakamuuliza mjukuu wangu anakula mara ngapi, analala wapi, akiwa na huzuni humwambia nani. Mtoto hajafungua mdomo, mama yake kashajibu yote. Nikamwambia mkwe wangu, "Mama, umeulizwa wewe?" Akaninunia mpaka jioni. Anune tu. Nimekula chumvi nyingi mno kuogopa mtu kununa.

Lakini walipoondoka nilibaki barazani nimeshika kikombe cha chai hadi kikapoa. Mawazo yalikuwa yamekwenda kijijini kwetu, upande wa Ikungi, miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa, nami nikiwa darasa la nne. Ndipo nilipoulizwa kwa mara ya kwanza maishani mwangu kama mimi mtoto ni mzima, na nikadanganya vizuri sana.

Kabla ya kuhamishwa tuliishi kwenye tembe la babu, peke yetu na mawe makubwa, na upepo wa Singida ambao waliozaliwa kwingine huulalamikia na sisi tuliozaliwa kule tunauona ni ndugu. Jirani wa karibu ulimwona asubuhi akitoa ng'ombe, ukamwona tena jioni akirudisha. Ukikosa chakula, unakosa kimya kimya. Kule kulikuwa na nafasi ya kutosha kuficha njaa ya ukoo mzima.

Kijiji kipya kikaja na mistari. Nyumba zilipangwa mlango kwa mlango, ukikohoa ndani jirani anakupa pole. Sisi watoto tulifurahi, nisidanganye. Shule ilikuwa hapo hapo, wenzetu wa kucheza tele, jioni vumbi la kombolela linapanda mpaka tunashindwa kuonana. Wimbo wa kwenda shamba la kijiji ninaukumbuka hadi leo, na nikiwa peke yangu jikoni huwa nauimba, ingawa sauti imekwisha kuwa ya bata. Ila kwa akina mama mistari ile ilikuwa kazi. Jiko lisipotoa moshi, kijiji kizima kinajua. Mtoto akitoka nje midomo imekauka, imepauka nyeupe, wanaopita wanasema, nyumba ile leo hakujapikwa.

Na kwetu Wanyaturu, mama ambaye mtoto wake amesema njaa mbele ya mgeni ni mama aliyevuliwa nguo barabarani. Tulifundishwa hivyo tangu tunaanza kutamka. Mgeni akiuliza umekula, jibu ni nimekula. Akiuliza umeshiba, jibu ni nimeshiba. Akikukaribisha chakula, unakataa kwanza, unakataa tena, na akikushika mkono unachukua kidogo huku unamtazama mama kama amekukubalia.

Mwaka ninaousema mvua zilikataa. Uwele ulitoka, ukasimama kimo cha goti, ukakauka umesimama. Kilindo chetu, lile pipa la gome la mti ambamo mama alihifadhi nafaka, ukikigonga kilitoa sauti ya utupu. Baba alikuwa amekwenda Itigi kutafuta kibarua cha reli, na habari zake zilitufikia kwa mdomo wa wapita njia, mara mzima, mara anaumwa mgongo. Tulibaki watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa ameachishwa ziwa muda si mrefu.

Mama alikuwa na kibuyu cha samli ya zamani, ya wakati ng'ombe wetu bado walikuwa wengi. Kilining'inia juu ya mahali pake pa kulala. Kila asubuhi kabla hatujatoka nje, alichovya ncha ya kidole, akatupaka midomoni, mimi kwanza halafu mdogo wangu, kisha akatugeuza kwenye mwanga kuona kama tunang'aa. Ukitutazama ungesema tumetoka kula nyama ya mafuta sasa hivi. Samli ile hatukuila, tuliivaa. Nami niliona ni sawa kabisa, maana binti wa jirani, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, naye alikuwa anang'aa vilevile, na sote tulijua, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa ananitia wasiwasi. Alikuwa mtoto mtundu, wa kukimbiza mbuzi na kurushia kuku mawe, mtoto wa kuitwa siku nzima. Mwaka ule akaanza kukaa. Nywele zikawa nyepesi, zina wekundu, tumbo likatangulia, miguu ikabaki nyuma. Ukimweka kivulini asubuhi unamkuta hapo hapo mchana. Mama akasema watoto wakikua hulegea kidogo. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Basi ndipo ikaja Landrova ya wageni.

Walikuwa watatu kutoka chuo kikuu. Mmoja mzee wa makamo mwenye miwani, ambaye wenzake walimwita mwalimu, sisi tukamwita mzee wa chuo ili tusimchanganye na mwalimu wetu. Wa pili kijana mwembamba mwenye karatasi nyingi. Wa tatu msichana mwenye nywele za kusuka na sauti ya upole, ambaye tulimwita dada toka siku ya kwanza. Kiswahili chao kilikuwa cha mbio. Sisi tulikuwa na cha shuleni, kile cha "mimi ninaitwa", na nyumbani ni Kinyaturu mwanzo mwisho.

Tulipoiona Landrova watoto tulikimbilia mawe. Tulidhani ni watu wa chanjo. Mwalimu wetu ikabidi atufuate huko na kutuapia kwamba hakuna sindano.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amewaandaa watu tangu jana yake. Sikumchukia mtu yule, ingawa nilipokuwa mdogo nilijitahidi. Alikuwa mrefu, mkavu, shati la chama linamwagika mabegani, na alikipenda kijiji chake kwa wivu. Aliwaambia wazee, "Tunatazamwa. Wageni hawa wanatembea vijiji vyote kuangalia watoto wanaishije tangu tuhame. Asije mtu hapa akatuaibisha." Hilo halikuhitaji kusemwa mara mbili. Asubuhi ile nadhani hapakuwa na kibuyu cha mafuta kilichobaki kimefungwa. Wasio na samli walipaka mafuta ya kondoo, wasio na ya kondoo walipaka ya karanga. Tulikwenda shuleni tumeng'aa kijiji kizima, mpaka nzi wakatufuata.

Tuliulizwa mmoja mmoja chini ya dirisha la darasa, mama akiwa amesimama nyuma ya mwanawe. Anayeuliza alikuwa yule kijana mwembamba. Aliuliza kwa kumtazama mama, mwalimu wetu anatafsiri, mama anaitikia kwa kichwa, mtoto anasema.

"Jana mlikula nini nyumbani?"

"Ugali na nyama," nikasema.

"Mlishiba?"

"Tulishiba."

Akafuata rafiki yangu. Ugali na nyama. Akafuata mwingine, ugali na nyama. Jamani, siku ile kijiji kizima kilikuwa kimekula nyama, na ng'ombe aliyechinjwa hakuonekana, wala ngozi yake haikuwambwa popote. Mdogo wangu, aliyebebwa, alipoulizwa alimtazama mama, na mama akatazama juu kwenye paa. Mtoto akasema, "Nyama." Hata sikujua kwamba analijua neno lile kwa Kiswahili. Yule kijana akafurahi, akaandika. Leo nikikumbuka nacheka, halafu kicheko kinakatika njiani.

Dada hakuwa anaandika. Alikuwa amekaa pembeni, anatutazama midomo.

Alasiri sisi wasichana tulikwenda kwenye mawe nyuma ya shule kucheza baba na mama. Mchezo wenyewe kila mtoto wa Tanzania anaujua, ila wa kwetu ulikuwa na utaratibu wake. Nyumba ni duara la kokoto, na anayetaka kuingia lazima apite kwenye pengo la mlango, akiruka ukuta anatolewa mchezoni. Ugali ni udongo mwekundu uliokandwa na maji, mlenda ni majani yaliyopondwa. Na mama wa kwenye mchezo huongea Kiswahili kitupu, kwa sababu sisi sote tulitaka kuwa mke wa mwalimu. Siku ile zamu ya umama ilikuwa yangu.

Dada akaja taratibu, akasimama nje ya kokoto.

"Hodi hapa."

"Karibu," tukaitikia, tukaacha kucheza, maana mtu mzima akija mchezo unakufa.

"Msiache. Nami nataka kucheza. Niwe nani?"

Tukatazamana. Tulikuwa hatujawahi kuona mtu mzima anaomba nafasi kwa watoto. Rafiki yangu, ambaye hakuwa na haya hata chembe, akamwambia, "Uwe mtoto. Wazazi tumetosha."

Dada akavua viatu, akapita mlangoni bila kuruka ukuta, akaketi chini kwenye vumbi na gauni lake zuri, miguu mirefu ameikunja. Tulimcheka mpaka tukachoka. Halafu, kwa kuwa mchezo ni mchezo, tukaendelea. Mimi nikapika. Nikasonga udongo, nikamwinamia moto usiokuwepo, nikalalamika kuni mbichi. Mtoto wangu mpya akanivuta kanga.

"Mama, nina njaa."

Wala sikufikiri. Maneno yalikuwa yamekaa tayari mdomoni. "Hiyo siyo njaa. Ni upepo umeingia tumboni. Kunywa maji ukalale."

"Nimekunywa maji, mama. Bado."

"Haya, sogea hapa nikupake." Nikachovya kidole kwenye tope, nikampaka dada midomo, wa juu na wa chini, nikamgeuza uso kwenye mwanga nione. "Mgeni akija akakuuliza umekula nini, utasema nyama. Ukisema hujala umenivua nguo barabarani. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Rafiki yangu akatoka kuwa baba, akazunguka nyuma ya mwamba, akarudi mgeni, amechukua kijiti cha kuandikia. "Hodi. Mtoto, jana mlikula nini?"

"Ugali na nyama," akasema dada, na tope lake mdomoni.

Wasichana wakaanguka kwa kicheko. Mimi nilicheka zaidi ya wote, maana nilijiona mwigizaji hodari. Kisha nikamwona dada hacheki. Alikuwa amejifuta mdomo kwa kiganja, na kile kiganja anakitazama. Hapo ndipo nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimemvua mama nguo, tena kwa maonyesho.

Wenzangu walipotawanyika kwenda kuchota maji, dada akaniita. Hakusimama juu yangu, alichutama mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Mdogo wangu," akasema, "hayo uliyonionyesha ni yako. Nikiyaandika bila kukuuliza nitakuwa nimeyaiba. Unakubali niyaandike?"

Sikuelewa swali. Naapa sikulielewa. Nilikuwa nimetumwa, nimeamriwa, nimechapwa na kubembelezwa, lakini neno "unakubali" nilikuwa sijaambiwa na mtu. Nikamuuliza yaandikwe ya nini.

"Sisi hatuna unga," akasema. "Nisikudanganye. Ila tutakachoandika kitasomwa mkoani, na huko wanaangalia ni vijiji gani vipelekewe uji wa watoto na maziwa ya unga. Havitoshi kwa wote. Kwa haya tuliyoandika leo asubuhi, nyinyi mmeshiba."

"Mama atajua ni mimi?"

"Jina lako sitaandika, wala nyumba yenu. Lakini siwezi kuahidi kwamba watu hawatakisia. Mnakaa karibu mno."

"Nikikataa je?"

"Sitaandika. Na sitakuchukia."

Tangu siku ile nimeonana na waheshimiwa wengi. Sijamkuta mwingine aliyeniambia waziwazi asichoweza kukiahidi. Nikamwambia nitamjibu kesho, nikakimbia.

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu kivulini, pale pale. Mwanambuzi wa jirani alikuwa amekuja kumchezea, anamruka miguu, anamnusa masikio, anarudi nyuma kumchokoza. Zamani angeshamkimbiza mpaka kisimani. Mdogo wangu alimtazama tu yule mwanambuzi, hata mkono hakuinua. Nilikaa karibu naye, nikamshika kifundo cha mguu, vidole vyangu vikakutana upande wa pili na nafasi ikabaki. Na mama ndani anaimba wimbo wa kusaga, ili majirani wasikie, huku jiwe la kusagia halina kitu juu yake.

Siku zote nilikuwa nimemhurumia mama. Jioni ile nilimhurumia na kumkasirikia kwa wakati mmoja, na sikujua kwamba mtu anaweza kubeba vyote viwili. Alikuwa anailinda heshima yetu kwa nguvu zake zote, na heshima yenyewe ilikuwa inammaliza mdogo wangu.

Asubuhi nilimkuta dada anapiga mswaki nyuma ya darasa. Shikamoo ilinitoka kwa haraka, nikasema, "Andika." Sikungoja jibu. Niliondoka kabla sijabadili mawazo.

Sasa, yule mzee wa chuo alikuwa na desturi moja. Haondoki kijijini kabla hajawasomea watu alichokisikia kwao. Alisema si haki kuchukua maneno ya watu na kuondoka nayo bila wao kuyajua. Kwa hiyo kengele ya shule ikagongwa, kijiji kikakusanyika uwanjani, wanaume mbele kwenye viti, akina mama chini na watoto.

Mzee akasoma yale ya dirishani, ugali na nyama, watu wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Halafu akavua miwani. Akasema, "Lakini watoto wamezungumza nasi pia kwa njia yao, katika mchezo wao. Na kwenye mchezo wanasema hawajala." Akaeleza habari za kupakwa mafuta midomoni. Hakutaja mtu. Mwalimu wetu alipokuwa anatafsiri sauti ilimpungua, mwishoni alikuwa ananong'ona.

Bendera iliyopigwa na upepo pale uwanjani naisikia hadi leo.

Mwenyekiti akasimama. "Mtoto gani kasema hayo?"

Dada akasema kwa adabu, "Samahani mzee wangu, hilo siwezi kusema. Tulikubaliana naye."

"Mnakubaliana na mtoto?"

"Ndiyo, mzee."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akageukia akina mama, na sasa naona alikuwa anaogopa kuliko alivyokuwa amekasirika. Akasema, "Haya. Kama kuna mama hapa ambaye mwanawe ana njaa, asimame aseme. Kama hayupo, hayo ya mchezo yafutwe, wageni wetu waende na ya kweli." Akamtazama mzee wa chuo, na mzee akasema polepole kwamba ni kweli, hawawezi kupeleka mkoani jambo ambalo wazazi wenyewe wanalikana.

Hakusimama mtu. Nilitazama safu za kanga, mama huyu anamfunga mtoto upya mgongoni bila sababu, mwingine anachora chini. Nilitamani kusimama mimi. Lakini aliyeitwa alikuwa mama, na mtoto akisema peke yake hapo mbele ingekuwa utovu wa adabu tu, si habari. Rafiki yangu akanitazama. Wasichana wengine wa mchezo nao wakanitazama, wajinga wale, mmoja baada ya mwingine, mpaka macho yao yakawa njia. Na mama akaifuata njia ile kwa macho yake mpaka ikamfikisha kwangu.

Alijua. Nilimwona anajua. Nikainamisha kichwa nikasubiri ardhi inimeze, ardhi ikakataa.

Niliposikia kanga yake inachakarisha nilidhani anaondoka. Alikuwa anasimama. Alisimama taratibu, mdogo wangu mgongoni, akawaamkia wazee shikamooni, akangoja waitikie wote. Kisha akasema kwa Kinyaturu, kwa ile sauti yake ya kawaida ya kuuliza bei ya chumvi:

"Mtoto aliyesema simjui. Lakini wangu wawili hawajala tangu juzi jioni. Huyu wa mgongoni hakimbii tena. Ile nyama mliyoandika ni mimi niliyewafundisha kuitaja. Ifuteni."

Akaketi. Mwalimu wetu alijaribu kutafsiri, akashindwa katikati, akajifanya anakohoa. Akasimama mama wa rafiki yangu, akasema, "Na wangu." Akasimama mwingine, mwenye mapacha. "Na wangu." Wakawa wanasimama na kukaa, wengine hawakusema neno, walisimama tu ili waonekane. Mwisho kabisa, kutoka nyuma, akasimama mke wa mwenyekiti, mama mfupi mwenye mwili wa kupendeza enzi hizo, ingawa mwaka ule kanga ilikuwa inamzunguka mara ya ziada. Akasema, "Na wa mwenyekiti pia. Leo wamepakwa mafuta ya taa, maana ya kula yamekwisha."

Sijui nani alianza kucheka. Uwanja mzima ukacheka, wazee wakacheka hadi wakashika viti, na mwenyekiti mwenyewe, maskini, akajifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Alipoiondoa kofia macho yalikuwa mekundu. Akamwambia mzee wa chuo, "Andikeni."

Uji ulikuja. Ulichelewa, kama kila cha serikali kinavyochelewa, lakini ulikuja, unga wa mahindi ya njano na maziwa ya unga, na akina mama wakapika kwa zamu shuleni kwenye pipa, watoto wa shule na wasio wa shule wakala. Mdogo wangu sasa ana kitambi na vibanda viwili Shelui, anawauzia madereva wa malori chai ya bei mbaya, na nikimwambia historia hii ananiambia, "Dada, umeanza." Dada yule wa chuo sikumwona tena. Kama yu hai, Mungu amwekee miaka. Kama hayupo, amlaze pema, maana alikuwa wa kwanza kunifanya nijue kwamba maneno yangu yana mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

Watu nikiwasimulia hufurahia huo mkutano. Mimi nikiukumbuka mwaka ule, ninachokiona ni kurudi nyumbani baada yake. Jua lilikuwa linashuka, mama ametangulia na mtoto mgongoni, mimi nyuma yake kwa mbali, nachagua fimbo nitakayotumwa kuikata, isiwe nene. Nilijua nitachapwa. Nilikuwa nimekwisha kuikubali.

Tulipofika akamlaza mdogo wangu, akatoka, akaketi kizingitini. Akaniita. Nikasogea, nikasimama mbali kidogo na mkono wake.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Alitazama mstari wa nyumba, moshi kwa baadhi, kwa nyingine hakuna. Halafu akaniuliza bila kunitazama, "Njaa yako wewe ikoje?"

Mama hakuwahi kuniuliza hivyo. Nikaanza kusema sina njaa, akatikisa kichwa. Basi nikafikiri vizuri, kwa sababu niliona ni swali kubwa na sikutaka kulijibu ovyo. Nikamwambia asubuhi inauma, mchana inanyamaza hadi nadhani imekwisha, na jioni tukisikia watu wanatwanga inarudi ikiwa imekasirika.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akanivuta, akaniegemeza begani kwake, begani palikuwa mfupa mtupu.

"Yangu pia," akasema. "Yangu pia iko hivyo hivyo, mwanangu."